Kiondo cha Kwanza cha Ndila

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Leo nimecheka peke yangu kama mwehu! Mjukuu wangu Ndila amekuja kutoka kazini kwake, hotelini Diani, akaniwekea kiondo mapajani. Cha kwanza! Kwetu cha kwanza hakiuzwi, hupewa aliyekufundisha. Eti alikuwa akikisuka kwa siri ili anishtukize.

Nimempigia Purity, kiongozi wa akina mama kanisani, Ndila akisikia. Mwalimu wa kuwafundisha wasichana kusuka amepatikana, Jumapili aanze yeye, mimi macho yamechoka. Na walisema hapa Mkongani ususi utanifia mikononi. Wapi!

Jumatano, 5 Novemba

Nimekitembeza kwa majirani. Aibu sina. Rafiki yangu Kavenya peke yake hakukishika — akasema kizuri, akaendelea kupota nyuzi zake za mkonge. Wivu huo. Na tumekaa mkeka mmoja tukisuka tangu tuje pwani!

Alhamisi, 6 Novemba

Nimekitoa juani nikakitazama vizuri. Msuko unalalia kulia.

Ndila anatumia mkono wa kushoto. Alipokuwa mdogo nilikuwa nikimwanzishia kitako cha kiondo, anasuka mizunguko miwili mitatu, anatupa. Vyote vililalia kushoto.

Basi hiki ni cha nani?

Ijumaa, 7 Novemba

Cha Kavenya. Nimemwendea nikamuuliza, hata hakubisha. Anasema Ndila alimlilia, kazi nyingi, hataki kunivunja moyo. Nilikuhurumia, Mumbe, akasema. Huruma! Rafiki yangu na damu yangu wamekaa chini wakapanga kunidanganya kama mtoto. Ndila angeniambia tu, susu, bibi yangu, sitaki kusuka. Ningelia siku moja nikanyamaza.

Ndila sijamwambia kitu. Nataka aseme mwenyewe.

Jumapili, 9 Novemba

Purity amepiga simu asubuhi hii. Wasichana wamejaa kanisani, kila mmoja na nyuzi zake, wanamsubiri mwalimu awaanzishie kitako.

Nimempa Ndila nafasi ya kusema. Nimekoroga chai mpaka imepoa. Akaingia na gauni lake la bluu, shikamoo susu, akachuchumaa mbele yangu, akanishika goti. Nikajua sasa anasema.

"Susu, hebu nionyeshe kitako kinavyoanza. Haraka tu, tusichelewe."

Miaka yote nimelingoja neno hilo — likaja hivi!

Nimemwambia asubiri niandike kidogo. Nyuzi ziko hapa mapajani. Ameshanyoosha mkono, ule wa kushoto.