Wanakuja Jumamosi

Uthiru, Nairobi
Jumatano, 17 Septemba 2003

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, pamoja na za rafiki yangu Joyline wa Kileleshwa, ambaye ndiye atakayekuletea barua hii kwa basi la leo. Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenikimbia. Kifua chako kinaendeleaje? Na lile goti? Najua kila barua huanza kwa kuulizana hali, na kila mtu hujibu kwamba hajambo hata kama amelazwa. Leo nauliza kwa kutaka kujua. Baba, uko hai?

Usinicheke. Huku Nairobi watu wanaamini umefariki, na kwamba tunakuzika Jumamosi hii, tarehe ishirini. Si porojo za vijiweni. Ni watu wazima wenye kazi zao, na wamejipanga kuja. Niache nikueleze tangu mwanzo, nawe unisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Unakumbuka nilikuambia naomba ufadhili wa wanafunzi wa sheria wasiojiweza, kwa ule mfuko wenye ofisi mjini, ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake nimeikuta imekufa tangu nilipojiunga na chuo. Fomu yao ni ndefu kuliko hati ya mashtaka. Wanauliza paa letu ni la nini, maji tunateka wapi, mara ya mwisho tulikula nyama lini. Wanataka barua ya chifu na barua ya mchungaji. Nilijaza yote, nikaambatisha karatasi zangu, nikaipeleka Ijumaa iliyopita. Karani anayepokea fomu anaitwa Bi Ajwang, mama mpole wa makamo. Alisoma karatasi moja moja, akafika ya mwisho, akainuka, akazunguka meza na kunikumbatia. Machozi yake yaliniingia kwenye kola.

Kabla sijafika Uthiru alikuwa amekwisha kumpigia simu mwenye nyumba wangu, Mama Kui, kwa sababu namba yake ndiyo niliyoiandika kwenye fomu. Nilipofungua lango nilikuta viti vimepangwa uani na wanawake wa kanisa lake wameketi, vitambaa kichwani. Waliinuka wote kwa pamoja. Mama Kui alinishika mikono akaniambia, "Pole, Naliaka. Mbona ulikuwa unabeba hii kitu peke yako?"

Nilimjibu kwamba baba yangu yuko, mzima, na pengine saa hiyo alikuwa shambani akigombana na ndege. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, Baba, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyeshangaa. Walitazamana kwa huruma. Becky, binti wa Mama Kui, alinifuta uso ingawa sikuwa nikilia. Mama mmoja akasema hata yeye alipofiwa na mumewe aliendelea kumtengea chakula kwa mwezi mzima. Niliporudia kwa sauti kubwa, wakaanza wimbo. Niliporudia kwa ukali, wakanikorogea glukosi.

Tangu siku hiyo sijaachwa peke yangu. Nikienda chooni, Becky anasimama nje ya mlango. Nikienda chuoni, anaketi nami darasani. Mwalimu wetu wa sheria ya ushahidi alikuwa akieleza kwamba jambo likishaandikwa, maneno ya mdomo hayawezi kulipinda. Nilipoingia alinyamaza, na darasa zima likasimama. Jumapili nilitangazwa kanisani. Nilisimama pale mbele nikasema tena kwamba baba yangu hajafa, na waumini wakajibu amina. Jumatatu mchana redio ilikuwa inaongea jikoni kwa Mama Kui, nikasikia jina lako lote, hata lile la ubatizo usilolipenda, kisha jina langu, kwamba ni mimi ninayetangaza kwa masikitiko. Mtangazaji hakuwa na haraka hata kidogo. Alipomaliza nawe akaendelea na marehemu mwingine wa Siaya.

Jana nilikwenda kwenye kibanda cha simu nikampigia Were, kwa kuwa ndiye jirani pekee mwenye simu upande wetu. Kabla sijamsikia yeye nilisikia watu. Sufuria, viti vinaburutwa, mwanamke analia mbali kidogo. Nilimwomba akuite. Akauliza polepole, "Naliaka, nikuitie nani?"

Aliniambia uwanja wetu umejaa tangu redio iliposema. Akaniambia mlango wako umefungwa tangu Jumapili baada ya ibada, wamebisha na hakuna aliyeitika, na hakuna anayethubutu kuuvunja kabla sijafika mimi. Vijana wameshapima mahali, kando ya kaburi la Mama. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyekuona kwa macho yake, hai au vinginevyo. Akasema, "Si wewe ndiye ulisema kwa redio?" Kisha dakika zangu zikaisha.

Najiambia uko Kitale kwa Shangazi. Wewe huondoka bila kuaga, unafunga mlango na kupotea wiki nzima, kisha unarudi na gunia la viazi. Najiambia hivyo kila baada ya dakika kumi. Sasa niseme linalonikosesha usingizi, na nakuomba kama umesimama, uketi.

Ni mimi niliyekuua. Mwezi wa nane, nilipokwenda kuchukua fomu, Bi Ajwang alinieleza kwa nia njema kabisa kwamba waliofiwa na wazazi wote wawili husomwa kwanza, wengine husubiri, na kwamba kusubiri kwenyewe hakuna mwisho. Nilimpa jina la Mama, aliyetutoka miaka mitano sasa. Wiki hiyohiyo ulikuwa umeniletea habari kwamba utauza kile kipande cha shamba cha mtoni ili nilipe karo. Kile ndicho unachokula, Baba. Nilikaa na fomu ile siku tatu, kisha nikaweka alama kwamba nawe pia ni marehemu.

Walitaka cheti cha kifo au programu ya mazishi. Cheti nilikiogopa kwa kuwa ni cha serikali. Programu nikaona ni karatasi tu. Nilikwenda kwa mchapishaji mmoja mjini, jina lake Mwanzia, na picha yako ya Krismasi, ile umevaa koti la kahawia. Wasifu niliutunga mwenyewe. Sheria inataka mtu asisikike miaka saba ndipo mahakama imhesabu kuwa amekufa, mimi nilikumaliza kwa asubuhi moja. Niliandika kwamba ulitoka ibadani siku ya Jumapili, ukafunga mlango wako, ukalala, na majirani walipobisha hukuitika. Niliandika hivyo kwa sababu sikutaka uumie. Unaona sasa kwa nini maneno ya Were yaliniogopesha.

Nilikuwa nimemwandikia Mwanzia tarehe ya mazishi iliyokwisha kupita, Jumatano moja ya mwezi wa tano. Yeye akaona nimechanganyikiwa na msiba. Amechapisha programu maisha yake yote na hajapata kuona inayochapishwa baada ya maziko, wala hajui anayezika Jumatano. Akanirekebishia kwa wema wake, akaweka Jumamosi hii, tarehe ishirini. Hachapishi chini ya nakala hamsini, kwa hiyo alinipa hamsini, zimefungwa kwa karatasi ya kaki. Sikuthubutu kuutazama uso wako pale juu. Nilichomoa moja kwa kupapasa, nikaitia kwenye bahasha pamoja na fomu, nyingine nikazisukuma chini ya kitanda. Mama Kui alizikuta akifagia, akapeleka moja redioni, na sasa hakuna nyumba kati ya hapa na Kinoo isiyokuwa nayo.

Jana alasiri nilikwenda ofisini kwao kuungama. Nilimwona mkubwa wao, Bwana Mwendwa. Nilimwambia kila kitu kama nilivyokueleza wewe, mchapishaji, tarehe, alama kwenye fomu, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu alisema kwamba wengi wanaobaki hujilaumu, wengine husema kabisa kwamba wao ndio walioua. Akanionyesha barua. Nimepewa ufadhili, Baba, karo na vitabu mpaka nimalize. Wataisoma barua hiyo kaburini mbele ya wote, ndio utaratibu wao. Wamekodi gari, tunaondoka Ijumaa mchana.

Nimekubali kwenda nao, kwa kuwa sijui njia nyingine ya kufika nyumbani bila kushikwa mkono na mtu. Becky yuko kando yangu ninapoandika, anadhani ni wasifu mrefu zaidi. Joyline alikuja asubuhi macho yamemvimba. Nilimpa maelezo yote, akaitika, akauliza barua hii ampe nani. Nimemwambia akupe wewe mkononi. Kama hupo nyumbani, avuke mpaka Kitale kwa Shangazi, asirudi bila neno lako.

Nitakuambia ukweli, nimesema uko hai mara nyingi mno na watu wengi mno wamenihurumia. Leo asubuhi nilijikuta nimevaa nyeusi, sikumbuki nikiivaa.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Jumamosi gari likisimama langoni, utoke. Ukiniona nashuka na shada la maua, niite kwa jina langu kwa sauti yako ile ya kuitia ng'ombe, kila mtu asikie. Najua ukionekana hai nitanyang'anywa ufadhili, chuo kitanifukuza, na uwakili sitausikia tena isipokuwa siku watakaponifikisha kortini. Nimeyapima yote hayo. Utoke tu, Baba. Nitusi mbele yao ukitaka, nichape ukitaka, sitasogea.

Nisalimie Were na wote walioketi uani, uwape chai, wamechoka kukungoja. Shangazi naye mpe salamu zangu kama uko kwake. Mungu akulinde mpaka nikuone.

Ni mimi binti yako, unayemjua kwa sauti,

Naliaka