Mkono wa Mtakatifu Germana

Mdogo wangu mpendwa,

Kosa la wengi ni kudhani watakatifu walikuwa warembo kama wanavyochorwa kwenye kalenda. Nisamehe kutanguliza somo kabla ya salamu; mwalimu hustaafu kazi, hastaafu mdomo. Goti lako linaendeleaje? Huku tu wazima, isipokuwa mmoja, naye nitamfikia.

Nimesikia maandamano unayoyaandaa yatapendeza: watoto kumi na wawili, kila mmoja mtakatifu wa mwezi wake, tangu Agnesi wa Januari na mwanakondoo wake wa pamba hadi Lusia wa Desemba na taa yake. Hongera. Hongera zenyewe zinaishia hapo.

Juni umemweka Germana. Acha nieleze, ingawa unamjua. Alikuwa mchunga kondoo, mkono wake wa kulia umelemaa tangu kuzaliwa. Mama wa kambo alimlaza chini ya ngazi, mbali na watoto wengine. Naye hakulipa ubaya kwa ubaya. Hata mkate wake mkavu aliwagawia maskini. Tunamkumbuka kwa moyo huo, si kwa sura.

Sasa, nafasi hiyo umempa nani? Binti wa fundi cherehani, mwenye mikono miwili mizima, ukamfunga mkono kwa kitambaa ili aonekane amelemaa! Na mjukuu wetu Chiriku, ambaye mkono wake ndivyo ulivyo tangu azaliwe, ukamketisha benchi la nyuma alinde vitabu vya nyimbo. Mama yake alipokuuliza, ulimjibu kwamba watu watamhurumia mtoto badala ya kusali, na sherehe ni sherehe. Fundi naye akatania kwamba binti yake amefanya mazoezi ya ulemavu hadi nyumbani amegoma kuosha vyombo. Mkacheka wote. Mama wa kambo alikuwa na ngazi, mdogo wangu. Wewe una benchi.

Usiseme ni hasira za uzee. Kuna jambo mtoto aliniapisha nisikwambie, na leo navunja kiapo. Tangu Jumapili Chiriku, yule asiyenyamaza hata chakula kikiwa mdomoni, yuko kimya, na anavaa sweta joto lote hili. Juzi nilimkunjia mkono wa sweta ili anawe. Nikakuta amejifunga rula mkononi kwa mkanda wa gauni lake la kanisani, ameukaza kwa meno, vidole vimevimba. Akanieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto mdogo, kwamba anaunyoosha mkono ili wewe bibi yake umpe mwezi wowote, hata Februari, kwa kuwa ni mfupi. Tunamfungua akilala, akiamka anajifunga tena. Mama yake amelia, mimi nimefoka, wapi! Anasema haachi mpaka wewe useme anafaa.

Msalimie shemeji, na wote hapo nyumbani. Mungu akuponye goti, na hicho kingine pia.

Ni mimi kaka yako, mwenye hasira na asiyeacha kukupenda.

Njoo leo, na goti lako hilohilo, umfungue mtoto rula kwa mkono wako.