Mawe Meupe ya Ban Ad

Jumatatu, 6 Januari

Nimejikata tena. Kidole cha shahada, hadi mfupani, grainda iliporuka. Dekow, binamu yangu na mshirika wangu katika kazi hii, alinifunga kwa kitambaa cha oili akarudi kuchomelea. Hatukusimama. Fremu ya gari letu la mbio imekamilika, mita sita za mabomba ya kisima kilichokauka. Injini ya silinda sita imekaa vizuri nyuma ya kiti. Ni injini ya gari letu la nyumbani, saluni. Mke wangu Habiba sasa anaenda kufundisha kwa bajaji, na tangu niing'oe haniongeleshi.

Lengo ni moja. Kilomita mia mbili na hamsini kwa saa, kwenye ardhi ya kwetu, kabla ya mvua. Garissa nzima wananiita Waali, kichaa. Waache waseme.

Nikumbuke kuficha daftari hili. Kiswahili nilikijulia kwenye gereji za Changamwe, Mombasa, pamoja na ufundi na matusi. Mama mkwe anakaa nasi na hawezi kukisoma, ila Habiba anaweza.

Alhamisi, 9 Januari

Tuliwasha injini uani. Nilikanyaga hadi mwisho. Flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, likapasuka. Kipande kilipita kati yangu na Dekow, kikatoboa bati la banda, kikamkata shingo mbuzi wa Habiba. Yule wa maziwa. Hakuwahi hata kulia.

Hakuchinjwa, basi ni haramu. Tumewatupia mbwa wa jalalani. Damu ilipanda ukutani hadi kimo cha mtu. Mama mkwe aliiosha mwenyewe, akisoma dua kwa sauti kubwa ili niisikie.

Nilicheka.

Flaiwili niliikereza mwenyewe ipungue uzito. Kosa ni langu. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 14 Januari

Nilipokwenda kununua flaiwili nyingine, muuza vipuri wa hapa mtaani aliniambia mbele ya wateja kwamba gari langu litaweka rekodi ya kuua mbuzi. Watu wakaangua kicheko. Nilimpiga kichwa. Jino lake moja liliingia kwenye paji langu la uso, nikalichomoa mwenyewe.

Wazee walitukalisha, tukanywa chai ya maziwa, nikaomba radhi kwa mdomo. Moyoni ningempiga tena.

Habiba amesema nami leo, mara ya kwanza mwaka huu. Sentensi moja. "Mkono wako utatufikisha mahali, Yunis." Akaingia chumbani.

Jumamosi, 18 Januari

Dekow anataka viti viwili. Anasema kwetu hakuna chombo cha mtu mmoja, hata ngamia wa mizigo huachiwa nafasi ya mgonjwa. Nilimwambia hii si safari ya kuhama. Kiti cha pili ni upana, upana ni upepo, upepo ni mwendo uliopotea. Akasema basi nimejenga jeneza lenye usukani. Akaipiga fremu teke.

Nikampiga ngumi ya pua. Akanichoma mkononi kwa fimbo ya kuchomelea, ngozi ikanata. Tuligaagaa kwenye vyuma, tukaumana kama watoto. Adhana ya alasiri ilitukuta hivyo. Tulitawadha, tukaswali bega kwa bega, yeye pua ikichuruzika, mimi mkono ukinuka nyama.

Kiti ni kimoja. Nimeshinda. Sijisikii mshindi.

Alhamisi, 23 Januari

Tumefika Ban Ad, kati ya Ijara na Sangailu. Gari juu ya lori la kukodi, limefunikwa turubai. Asubuhi nilipokuwa natoka nyumbani nilikuta furushi mlangoni. Mwavuli wa breki, ule wa kufunguka nyuma ya gari. Habiba ameushona kwa hema kuukuu, mshono mara mbili. Hakutoka kuniaga.

Uwanda wenyewe ni mweupe, mgumu, umepasukapasuka na jua. Kilomita sita bila kichaka. Sisi tumepiga kambi magharibi. Mwisho wa mashariki ipo barabara ya kwenda Masalani. Nilitembea katikati ya uwanda nikaona haya, kwa sababu nilikuwa nalia.

Jumamosi, 25 Januari

Siku mbili za mawe. Kwa kasi ile dereva haoni ardhi, anaona weupe mtupu, lazima awe na mstari wa kufuata. Tumekusanya mawe, tumeyachovya kwenye pipa la chokaa, tumeyapanga safu mbili kutoka mwisho hadi mwisho. Mgongo umekufa.

Wachungaji walisimama mbali, mguu mmoja juu ya mwingine, wakitutazama. Si wa ukoo wetu. Dekow alisema twende kwanza tukanywe chai kwa wazee wao, tueleze. Nilimwambia wakitaka kujua watakuja kuuliza. Gari halivuki mpaka wa mtu, linapita tu.

Jumapili, 26 Januari

Mia moja na tisini. Mara ya kwanza tu. Kichwa kiligonga bomba, damu ikaingia jichoni, sikupunguza. Mwavuli ulinivuta nyuma hadi mkanda ukanichubua mabega. Dekow alinitoa kwenye kiti kama mtoto. Tulicheka hadi tukakohoa.

Sijawahi kuwa na furaha kama hii. Hata siku ya harusi. Mungu anisamehe.

Jumatatu, 27 Januari

Mawe ya katikati yametawanywa. Yametupwa mbali, moja moja, kwa hasira. Kutwa nzima tumeyarudisha. Nimewaapiza watu ambao siwaoni.

Dekow amerudia habari ya wazee. Nimemwambia anyamaze.

Jumanne, 28 Januari

Nimempiga mtu. Yuko chumba cha upasuaji. Dekow sijui yuko wapi. Siwezi kuandika zaidi.

Jumatano, 29 Januari

Hospitalini, kwenye benchi. Naandika yote kwa mpangilio nisije nikajidanganya baadaye.

Jana baada ya alfajiri niliona mtu kwenye mstari. Anaokota mawe, anayarusha. Lori lilikuwa limeenda Ijara kuchukua maji. Dekow alikuwa anawasha moto wa chai. Nilichukua spana ya magurudumu, nikaenda. Mwanzo natembea, halafu nakimbia.

Ni mtu wa rika langu. Anaitwa Gabow, jina nimelijulia hapa. Hakukimbia. Aliniuliza kwa upole, jambo ambalo linaniuma hadi sasa, "Baba yangu amezikwa upande huu. Nani amekuuzia?"

Sikuelewa. Sikutaka kuelewa. Nilimpiga mara moja, usoni. Spana iliingia jichoni. Sauti yake niliihisi kwenye kiwiko kabla ya sikio. Akapiga magoti. Mkononi alikuwa na jiwe langu moja jeupe, akaendelea kulishika.

Dekow alifika akihema, akamfunga kwa kilemba chake. Kilijaa damu papo hapo. Aliniambia bila kunitazama, "Wapima ardhi huweka mawe meupe, Yunis. Wameona tumekuja kukata nchi yao."

Mimi nimezaliwa malishoni. Marehemu babu yangu alipoona jiwe lenye chokaa alilipiga teke, akatuamrisha nasi tulipige. Nilijua. Nilikuwa nimeacha kuitazama ile ardhi kama malisho ya watu.

Lori halipo. Mtandao wa simu haupo. Kumbeba hadi barabarani, kilomita sita, angemalizika njiani. Kilichokuwepo ni gari. Kiti kimoja. Dekow hakunikumbusha. Angenitukana ningeshukuru.

Tulimbeba hadi kambini, nikaketi, tukampakata Gabow mapajani mwangu, uso wake kifuani, mkanda ukatuzunguka wote wawili. Ndipo nduguze wakatokea vichakani, ukingoni mwa uwanda. Walichokiona ni hiki: mgeni wa mawe meupe anamtia ndugu yao mwenye damu ndani ya chuma. Mmoja alikuwa na bunduki. Dekow akawaendea, mikono juu, anawapigia kelele kwamba ni hospitali. Niliwaona wakimwangusha kwa fimbo. Nikaondoka. Nilimwacha binamu yangu chini ya fimbo nikaondoka.

Risasi ya kwanza sikuisikia ikigonga. Ya pili ilitoboa mkia. Gabow aliniuma bega, akaganda hapo hapo na meno. Mawe yalikuja moja moja, halafu yakaungana yakawa mstari. Sikuangalia mshale wa mwendo. Nilikuwa nahesabu pumzi zake.

Mwavuli ulifunguka. Mshono wa Habiba ulishika. Tulisimama na tumbo la gari limechanika kwenye ukingo wa barabara.

Ilipita pikapu ya akina mama wa maziwa ya ngamia. Walishusha mitungi yote barabarani, juani, tupate nafasi. Mmoja alimlaza Gabow mapajani, akauliza nani amefanya hivi. Nilisema mimi. Hakuna aliyenisemesha tena hadi tunafika.

Jioni mama yake Gabow alifika. Alimshika muuguzi mkono, Kiswahili chake kidogo lakini kila mtu wodini alikielewa. "Sister, kijana yangu abone, bas. Jicho tunaachia Mungu." Kisha akauliza mwenye kosa ni nani, wakamwonyesha benchi langu. Alinitazama kwa muda mrefu. Hakunilaani. Heri angenilaani.

Ijumaa, 31 Januari

Wameliondoa jicho. Gabow ataishi. Nimesujudu kwenye sakafu ya korido, watu wakiniruka.

Dekow ameletwa. Mbavu tatu, na mkono. Walimpiga hadi lori liliporudi na dereva akawathibitishia kwamba kweli mimi nimeelekea hospitali. Nilikaa kando ya kitanda chake. Nilimwambia kingekuwepo kiti cha pili nisingemwacha. Akasema anajua. Akageukia ukuta.

Leo nusura nimpige mlinzi wa geti aliyeniambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Mkono uliinuka wenyewe. Nimeutazama, nimeuogopa.

Jumatatu, 3 Februari

Vijana wa upande wetu walikuja kwangu na pikipiki nne. Wanataka kwenda Ban Ad kulipiza mbavu za Dekow. Wameshanoa panga. Walidhani nitaongoza, Waali mwenyewe. Niliwaambia wakitaka kumpiga aliyemvunja Dekow, waanze na mimi. Mmoja alinipiga kofi zito. Nilisimama. Akanipiga la pili. Nilisimama. Sikio bado linalia ninapoandika. Wakawasha pikipiki wakaenda zao, wananitemea mate.

Mama mkwe aliniletea maji ya kunawa. Hakusoma dua yoyote.

Jumanne, 11 Februari

Kikao cha wazee, pande zote mbili, siku mbili chini ya turubai. Polisi wamewaachia neno kwanza. Ngamia wa fidia ya jicho watatoka kwa ukoo wetu, na fidia ya mbavu itatoka kwao. Hayo ni ya ukoo na ukoo. La kwangu mimi lilikuja mwisho. Mjomba wake Gabow, abti mwenye ndevu za hina, alisema mawe yatolewe na mkono ule ule ulioyaweka. Kwa miguu. Gunia begani. Peke yangu, kabla ya Ramadhani. Hadi jiwe la mwisho liondoke, hakuna aliyeahidi amani.

Waliniuliza kama nina neno. Niliomba gunia.

Jumamosi, 15 Februari

Nimerudisha injini kwenye saluni. Mikono imefanya kazi yenyewe, kichwa hakipo. Fremu imeegemea ukuta, na kiti bado kina damu. Jioni nilimpa Habiba ufunguo. Aliwasha, akasikiliza, akaniambia inanguruma kuliko zamani. Kisha akasema daftari langu analisoma tangu Januari. Nilikuwa nimelificha kwenye boksi la spana.

Kesho asubuhi atanipeleka Ban Ad mwenyewe.

Jumatano, 19 Februari

Siku ya nne ya mawe. Asubuhi kuna ubaridi kidogo, baadaye jua la kawaida. Natembea, nainama, natia guniani, namwaga pembeni mwa barabara, narudi. Magoti yamevimba. Chokaa imenikausha vidole hadi lile kovu la grainda limepasuka.

Hakuna aliyenisogelea hadi leo. Adhuhuri Gabow alikuja na mama yake, bandeji jichoni, anatembea polepole. Mama alinimiminia kikombe cha maziwa ya ngamia kutoka mtungini. Nilikunywa nusu. Kikombe hicho hicho akakichukua mwanawe, akamaliza. Mama akaenda kuwaangalia ngamia wao.

Gabow alibaki amesimama. Aliniuliza siku ile tulifika mwendo gani. Nilimwambia sikuangalia. Akasema yeye alidhani ameshakufa, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimetulia.

Nikaendelea na kazi. Alinifuata hatua kadhaa nyuma. Kisha akainama, akanyoosha mkono akalikosa jiwe, akapapasa, akalipata. Akalitia kwenye gunia langu.