Mzunguko Mmoja Tu

Masanja, rafiki yangu,

Sijui barua ya mtu aliyekwisha kwenda huanzaje. Kukuuliza hali siwezi. Kukwambia mimi ni mzima ni uongo.

Kitanda chako cha juu bado kitupu. Waliletwa vijana wa mwaka wa kwanza, hakuna aliyetaka kukipanda, nami sikuwalazimisha. Mchakamchaka unaendelea kila alfajiri, ila sasa mwenye cheti cha mganga anakaa barazani na hakuna wa kumgusa. Kiranja wa afya bado ni mimi. Nilimwomba mkuu wa chuo anivue cheo hiki, akasema wanachuo wananihitaji. Wanakuja mmoja mmoja: huyu halali kwa hofu ya mtihani, yule kaacha kula tangu apate barua ya nyumbani. Nawasikiliza, nawaambia wapumzike. Wanasema siku hizi nimekuwa mpole. Laiti wangejua upole huu nimeutoa wapi.

Wewe ulikuwa ukiniamsha kwa utani na salamu yenu ya Kisukuma, "Mwangaluka, Bwana Afya! Leo unakagua kucha au meno?" Mimi nanuna, wewe unacheka mpaka kitanda kinatikisika. Ulikuwa mtu wa kuudhi, Masanja. Ukimya huu siuzoei.

Mganga wa zahanati alikuandikia siku saba bila kukimbia, kwa sababu ya moyo. Ulinionyesha cheti. Na mimi wiki ile nilikuwa nimewakatalia wavivu wanne waliojisingizia ugonjwa, nikaogopa waseme nakupendelea. Ungekuwa mtu baki ningekuacha ukae! Nikakwambia, "Zunguka uwanja mara moja tu, wakuone." Ukanitazama. "Haya, Bwana Afya, nisikuaibishe." Ukaenda, ukiitikia wimbo pamoja na wenzako. Ulipofika kwenye goli la mbali nilidhani umeinama kufunga kamba za viatu.

Cheti chako ninacho mimi. Hakuna aliyekiulizia.

Tulipokupeleka kwenu Masumbwe, mama yako alinishika mikono yote miwili, akanishukuru. "Wabeja sana, mwanangu Rashidi. Wewe ndiye uliyemtunza mwenzio." Nilikuwa nimekwenda na maneno yangu yote, nimeyapanga njia nzima. Lakini alikuwa ameshanipa ugali na maziwa ya mgando, nimekula, nimeshiba chakula chake, nikashindwa. Nikasema, "Siku yake ilikuwa imefika, mama." Nilimsingizia Mungu, Masanja.

Siwezi kuendelea hivi. Nikiswali, ulimi unasoma na moyo uko uwanjani. Jumamosi nitapanda basi la Kahama, kisha nitafute lori la kunifikisha kwenu. Huenda mama atanifukuza, huenda atawaita kaka zako. Hiyo ni haki yake.

Pumzika, ndugu yangu. Hakuna tena wa kukukimbiza. Nami nakuahidi jambo moja: safari hii mama akinikaribisha kunawa, nitamwambia kabla sijagusa maji.

Rashidi