Picha za Mkono Mrefu

Dingle, Ireland, 9 Juni 2024

Mama, shikamoo. Mgongo unasemaje? Mbuzi je? Mimi nimenenepa mpaka mkanda unalalamika.

Mwanao sasa ni mtu wa visiwa. Jana nilipanda Skellig, jiwe limesimama peke yake baharini kama jino. Wazungu wanahema kwenye ngazi. Mimi niliyezoea kupandisha watalii Mlima Meru napiga mluzi. Juu kuna vibanda vya mawe vya watawa wa zamani, mviringo kama nyumba za mababu zetu. Nikawaambia hawa mafundi walisomea kwetu Kikwe. Hapa nafahamika kuliko padri. Picha hizo.

Mwanao, Naftali

Kikwe, 23 Juni 2024

Marahaba mwanangu. Mgongo upo, mbuzi wamebaki wawili.

Picha nimeziona. Kila moja mkono wako umetokea pembeni, mrefu. Mtu anayefahamika kuliko padri hana wa kumpiga picha?

Dada yako Elieshi anataka nihamie kwake mjini, Sakina. Hapa nimebaki peke yangu. Lakini wewe ndiye kitindamimba, na kwetu nyumba ya baba ni ya kitindamimba. Ukisema unarudi, nabaki. Ukisema hurudi, nafunga. Nakungoja mpaka kahawa iishe kuvunwa.

Mama yako

Dingle, 6 Oktoba 2024

Shikamoo Mama. Samahani kwa kimya. Hoteli ilijaa, na nguzo yake ni mimi: nisipoosha sufuria, mji haupati supu.

Nimefika kisiwa kingine, Blasket. Zamani vijana wa huko waliondoka mmoja mmoja, wakabaki wazee, mwisho serikali ikawahamisha. Zimebaki kuta, kondoo wanachungulia madirishani. Wenzangu wote walipiga picha. Mimi simu ilikaa mfukoni. Kwenye nyumba moja nilibisha hodi, Mama, nyumba haina hata paa. Nikasimama pale kama kuna mtu anakuja kufungua.

Usihame. Narudi Desemba.

Kitindamimba wako

Sakina, 8 Oktoba 2024

Marahaba mwanangu. Pole na sufuria.

Kahawa iliisha, nikasogeza wiki, nikasogeza nyingine. Jumamosi iliyopita Elieshi akaja na watu na pikapu. Chumba cha huku ni kizuri, kina taa mbili. Mbuzi nimemwachia jirani, Melkizedeki, na ufunguo anao yeye. Ukifika, bisha hodi hivyo hivyo kwanza, ndipo ufungue mlango.

Nimekutumia picha, niko mlangoni siku ile nafunga. Wenzangu walikuwa wanapakia kitanda, nikaipiga mwenyewe. Utaona mkono wangu umetokea.

Mama yako