Nekesa Hatakuja Kukaa Kwako

Kwako dada yangu Nasimiyu,

Naomba barua hii ikukute mzima, na goti lako liwe limeacha kukusumbua sasa mvua zimepungua. Huku Umoja tuko salama sote, ila kuna jambo linaniwasha na haliwezi kungoja shule zifungwe.

Unakumbuka tulikubaliana Nekesa aje kwako muhula ukiisha, umnyooshe kama ulivyotunyoosha sisi wadogo zako. Katika barua ya mwezi uliopita nilimpaka matope mtoto wangu. Nilikwambia ana kichwa kizito, nikimtuma vitu vitatu analeta viwili. Tena kwamba siku maji yalipopotea aliacha mfereji wazi, yakarudi mchana hakuna mtu nyumbani, yakafurika hadi kwa jirani na kulowesha unga wake. Kwa hilo la mfereji nilimchapa.

Jirani huyo, Mama Wanjiru, ni mwalimu wa nasari. Hakukasirika. Aliniuliza tu kama nimewahi kumtazama Nekesa akicheza. Niliona ni swali la ajabu, lakini jioni nikatoa kigoda nikakaa nje. Dada, mtoto yule yule anayesahau chumvi anaruka kamba na wenzake sita akijua zamu ya kila mmoja, na nani kakosea mara ngapi. Basi kichwa kinashika. Kinashika nini, na kinaachia nini? Nikaanza kumjaribu. Nikimtuma kitu kimoja, analeta. Viwili, analeta. Cha tatu kinaanguka njiani, hasa akipita penye watoto.

Halafu siku moja kazini nilikuwa napima mbao za kabati, naandika vipimo kwa penseli juu ya mbao zenyewe, kama kawaida. Nikasimama hapo hapo. Mimi niliye fundi kwa miaka kumi na miwili siamini kichwa changu kwa vipimo vitatu, na bado namtaka mtoto wa miaka saba abebe kila kitu kichwani. Nikarudi nyumbani na chaki. Tulichora mlangoni kiatu, daftari, kikombe na mfereji, naye hugusa kila picha kabla ya kutoka. Sisemi amebadilika kabisa, maana jana alienda shule na soksi moja. Lakini daftari halisahau tena.

Kilichonifanya nishike kalamu ni Jumapili iliyopita. Nekesa na mama yake walikuwa kanisani, mimi nikabaki natengeneza kiti. Nilifungua mfereji ninawe mikono, hakuna maji. Rafiki akaniita nikaone mbao fulani, nikaenda zangu. Kurudi, maji yanatoka chini ya mlango, na hapakuwa na mtoto wa kulaumu.

Nekesa alinikuta nimepiga magoti napangusa sakafu. Akavua viatu, akachukua kitambaa, akaanza kunisaidia. Nikamuuliza mara ile ya kwanza ni nani aliyefungua mfereji.

"Ni wewe, baba. Ulikuwa unataka kunawa uende kazi."

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Ulikuwa umekasirika sana. Nikasema nitangoja upoe. Halafu nikasikia ushamwandikia shangazi."

Hasira yangu siku ile haikungoja niulize swali moja. Yeye alibeba fimbo isiyo yake mwezi mzima bila kununa. Sijui alijifunza wapi kujizuia hivyo, maana kwangu hakujifunza. Nimemwomba msamaha, na nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Kwa hivyo kitanda ulichomwandalia mpe mtoto mwingine. Nekesa anabaki hapa.

Msalimie mama, umwambie nimekonda kidogo tu. Msalimie shemeji na mafahali wake, na mdogo wetu wa mwisho asiyejibu barua. Mke wangu anakusalimu sana.

Nilimuuliza Nekesa kama ana neno kwako. Anauliza kama bado umemkasirikia.

Mimi ndugu yako,
Wafula