Tarehe kwenye plasta ya shangazi Ayaa

Nasike, soma hii kabla sijapasuka.

Shangazi Ayaa wa Luzira yuko wodini tangu Jumatatu. Leo Jumatano mkono umevimba pale kanula, ile sindano ya dripu, ilipoingia, mwekundu, unawaka moto. Akamwita sista. Unajua sista alitazama nini? Plasta! Siku ya kuchomwa iliyoandikwa kwenye plasta inayoshika kanula!

"Nyabo, mama yangu, siku tatu bado hazijatimia. Tutaitoa kesho."

"Mwanangu, tazama mkono."

"Nimesema kesho."

Ni sista huyuhuyu aliyemwambia Ojera wetu, alipolazwa mwaka ule wa malaria, kwamba anajidekeza. Sijasahau.

Sasa sikia. Kitanda cha pili, mzee Masinde, kanula yake haimuumi, dripu inashuka vizuri. Wakaing'oa, eti siku tatu zimetimia! Wakamchoma mara nne kutafuta mshipa mwingine. Mara nne, Nasike!

Shangazi aliona yote. Akaazima kalamu kwa Masinde, na kwa mkono mzima akafuta Jumatatu, akaandika Jumapili.

Sista kupita, akasoma plasta, akaitoa kanula palepale. Hapo ndipo alipouona mkono.

"Ai nyabo! Mbona hukusema?"

Mbona hukusema!